Dera la Tano

Naikumbuka Idd pili moja, mwanangu, nikiwa msichana mkubwa, posa zishaanza kubisha hodi. Nimekaa dirishani kwetu Mlandege na kanga yangu ya kila siku, nawatazama wenzangu wanapanda gari kwenda pwani ya Fumba. Wote wa chuo cha ualimu. Wote wamevaa sare, kanga nyekundu zenye ukingo mweupe, zimenunuliwa duka moja. Mimi skuli niliiacha kabla sijajua kugawanya, kwa hivyo chuo sikuwa nacho, na kwenye ile gari sikuwamo. Mbele kabisa amekaa Mwanaidi, shoga yangu wa nyumba ya pili, tuliyekuwa tukisukana nywele kila Alkhamisi. Akanipungia mkono. Mimi nikajifanya namtazama paka.

Huenda wewe si wa kwetu, basi nikwambie. Kwetu Unguja sare si nguo tu. Watu wakikata kitambaa kimoja wameshasema: sisi ndio sisi. Ukiwaona wanawake wamejaa harusini nguo moja, ujue hapo pana aliyeambiwa na asiyeambiwa, na asiyeambiwa anajua, na wote wanajua kuwa anajua, na bado wanamkaribisha biriani.

Jioni wakarudi, mchanga miguuni, wanaimba njia nzima. Nikamwambia shangazi yangu Bi Zuwena, ambaye ndiye aliyenilea, "Mimi pwani siipendi. Jua lile! Watazame walivyoungua."

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Muongo."

"Wallahi, shangazi…"

"Usimtie Mungu kwenye uongo wako. Una wivu umekujaa mpaka hapa," akajigusa kooni. "Hilo si ajabu, umeachwa, ungekuwa jiwe usingeumia. Lakini kama umeumia, nenda kamwambie Mwanaidi kuwa umeumia. Kama huwezi, nyamaza. Jua lisitukanwe, halikukufanya kitu."

Nikaenda. Nilisimama mlangoni kwa Mwanaidi nikayamwaga yote kwa pumzi moja: mmeniacha, nimeumia, sare zenu nzuri, sitaki kukuona. Akacheka mpaka akashika mlango, kisha akaanza kulia yeye, mimi niliyeumia nikawa ndiye wa kumbembeleza. "Tulidhani shangazi yako hatokupa ruhusa," akasema. "Mkali yule." Sikukuu iliyofuata nilikuwamo garini, tena dirishani, nimewabana wenzangu wote.

Nnakuhadithia haya kwanza ili ujue kuwa somo hili nililipata mapema. Maana nikianza na ya mwaka jana utasema bibi huyu hana akili. Akili nnayo. Lakini magoti yangu yamezeeka, macho yamezeeka, wivu wangu bado unapanda ngazi mbio.

Nna mjukuu, jina lake Rahma. Nimemlea tangu anajifunza kusimama, mamake aliposafiri kwenda kufanya kazi Maskati. Sasa yuko chuo kikuu Dar es Salaam. Kila mtu Mlandege anajua yuko chuo kikuu, kwa sababu nimewaambia. Muuza chumvi anajua. Imamu anajua. Wakija watu wa kusoma mita ya maji nawauliza wamesoma mpaka wapi, ili na wao waniulize.

Mwaka jana, chuo kinakaribia kufunga, Rahma akanipigia simu.

"Bibi, unishonee madera. Manne, sare. Mimi na wenzangu watatu."

"Rangi gani?"

"Utakayopenda wewe. Ila iwake."

"Iwake kama taa au iwake kama moto?"

"Bibi! Iwake tu!"

Nikashuka madukani siku ile ile. Nikachagua rangi ya ndimu mbichi yenye maua meusi, rangi ambayo mtu akiivaa Darajani anaonekana akiwa bado yuko Mkunazini. Nikakata kitambaa cha madera matano. Manne yao, la tano langu. Sikumuuliza mtu. Nilidhani ni ya harusi ya mwenzao mmojawapo, na kwetu sare ikishonwa kwenye cherahani ya nyumba fulani, mwenye nyumba ile naye yumo, hangoji kualikwa. Langu nililishona kwanza. Nikalitia lasi shingoni, na yale manne nikayaacha bila lasi. Usinilaumu, mshonaji ni mimi.

Kisha nikaanza kumngoja mtoto. Nikaroweka mchele wa mkate wa kumimina. Nikanunua pweza, nikampiga mpaka jirani wa chini akagonga kuuliza kuna ugomvi gani. Kitanda chake nikakitandika shuka mpya, nikakitandua, nikakitandika tena maana mara ya kwanza haikukaa sawa.

Asubuhi ya kuja kwake, simu ikalia.

"Bibi, madera tayari? Basi mpe Haji, yule dereva, anakuja kuyachukua sasa hivi. Atatupokea bandarini, atupeleke moja kwa moja Uroa."

"Uroa kuna nini?"

"Hoteli, Bibi! Ya ufukweni. Tumechanga sote wanne. Si likizo? Siku ya kurudi ntapita kukuamkia."

Kupita. Kuniamkia. Mwanangu, kutoka bandarini mpaka kwangu, ukipiga chafya kwenye boti mimi nakuombea rehema nikiwa jikoni. Mtoto anashuka botini, upepo unampelekea harufu ya pweza wangu, naye anapanda gari kwenda upande wa pili wa kisiwa kulalia kitanda cha kukodi.

"Haya," nikasema. Nikakata simu.

Haji akaja, nikampa manne. La tano likabaki limening'inia kwenye kiti cha cherahani.

Jioni akaja Mwanaidi kukaa nami kwenye baraza ya juu. Ndiye yule yule, naam, wa kanga nyekundu. Sasa ni mwalimu mstaafu, ana miwani miwili na wajukuu wasiomsikiza. Akafungua simu yake kuniletea habari. "Rahma katia picha."

Nikatazama. Rahma na dera langu, mchanga mweupe nyuma yake, na ubavuni kwake Neema, shavu kwa shavu. Neema ni mtoto wa Moshi anayekaa naye chumba kimoja chuoni. Sikukuu ya kabla ya hapo Rahma alimleta kwangu, na mimi nikampenda mtoto wa watu. Anakula bila kuonea haya sahani, anauliza maswali, ana mkono mwepesi jikoni. Nilikuwa nikimpenda, nataka kusema. Jioni ile kwenye simu nilimwona meno matupu.

"Mashaallah, wamependeza," akasema Mwanaidi.

"Wamependeza nini? Mahoteli yale, maji yao yanatiwa dawa, yanababua ngozi. Mimi ningebebwa bure nisingekwenda."

Mwanaidi akaizima simu, akaiweka mapajani.

"Raya," akaniita. "Jua lisitukanwe."

Nikanyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, ila lilikuwa uongo, na yeye yuko pale tangu uongo wa kwanza.

"Kamwambie mtoto umeumia," akasema.

"Ntampigia."

"Kwa simu utamtukana, halafu utanambia mtandao ulikuwa mbaya. Nenda."

"Nende hotelini mimi? Na nivae nini?"

Mwanaidi akageuza shingo taratibu, akatazama ndani, pale penye cherahani. Tulicheka mpaka muuza kahawa akasimama kututazama.

Basi kesho yake nikalivaa dera la tano. Juu yake baibui la kufunguka mbele, nikaliacha wazi kwa makusudi. Kikapuni nikatia mkate wa kumimina na bakuli la pweza wa nazi, nikamwita Haji.

"Bi Raya, leo harusi wapi?" akauliza, ananitazama kwenye kioo.

"Nnakwenda kugombana."

"Na nani?"

"Tazama njia."

Langoni mwa hoteli palikuwa na mlinzi, kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Akaniamkia, nikamwitikia, akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Kabla sijajibu akaliona dera, akacheka.

"Aaa! Wewe wa lile kundi la ndimu! Umechelewa, Bibi, wenzako washaingia bwawani. Pita, pita. Ila kikapu kibaki, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Chakula gani cha nje? Hiki kimepikwa ndani kwangu."

"Amri, Bibi, si yangu."

"Basi kikae. Na usifungue. Pweza yule mikono yake yote naijua."

Alifungua. Nilijua atafungua. Lakini sikumjali, maana kashasema wenzako. Nilitembea kwenye kile kijia chao cha mchanga neno lile likinipuliza kifuani kama feni. Wenzangu. Sare imenipitisha lango ambalo jina la chuo lisingenipitisha.

Halafu nikawaona.

Rahma alikuwa ndani ya maji, kavaa vazi lake refu jeusi la kuogelea, kichwa kafunika. Kalala chali juu ya maji, kafumba macho. Na kando yake kasimama Neema, mkono mmoja chini ya mgongo wa mtoto wangu, mkono mwingine chini ya kisogo chake. Anamwambia polepole, "Legea. Nimekushika. Legea tu." Na Rahma akalegea.

Nataka unielewe vizuri hapa, mwanangu, kwa sababu watu wa umri wangu wanajifanya mambo haya hawayajui. Mtoto yule nimemwogesha mimi kwenye beseni. Alikuwa haogi mpaka anishike kidole. Kila likizo alipokuwa mdogo alinililia nimpeleke pwani, na kila mara nilimjibu kuwa mimi maji siyajui, tutazama sote wawili. Na sasa kampata wa kumshika, na huyo si mimi. Nikaona wivu mpaka mate yakawa machungu. Nilitaka mkono ule utoke pale. Nilitaka Rahma azame, kidogo tu, ainuke akikohoa, aite Bibi. Mungu anisamehe, nimesema kidogo.

Neema akageuka akaniona.

"Jamani! Bibi!" Akaitoa mikono yote miwili kunipungia.

Na Rahma akazama kweli. Akainuka anakohoa, maji yanamtoka puani. Hakuita Bibi.

"Neema! Mbona umeniacha!"

Hivyo ndivyo alivyosema.

Neema akatoka mbio anachuruzika maji, akanikumbatia akanirowesha dera. "Shikamoo, Bibi! Jamani, na wewe una sare yetu! Na una lasi!" Halafu akasema, kwa moyo mweupe kabisa, maana mtoto yule hajui kuficha, "Afadhali umekuja. Mimi nilimwambia Rahma tupite kwako kwanza, akakataa katakata."

Wale wasichana wengine wawili wakaanza kutafuta taulo ambazo wamezikalia. Rahma alisimama majini, maji kiunoni, anatazama vigae.

"Toka," nikamwambia. "Jikaushe, uje."

Tukaenda kukaa upande wa ufukwe, kwenye vile vitanda vya mbao vya wageni, yeye kajifunga taulo, mimi baibui langu limelowa mbele. Bahari ilikuwa imekupwa, imekwenda mbali kabisa, wanawake wanaonekana huko kwenye mwani, wadogo kama kunguru.

"Bibi, umekuja kunichunga?"

"Sikuja kukuchunga. Ungekuwa wa kuchungwa nisingekupeleka Dar. Nimekuja kwa sababu nimeumia. Umepita mlangoni kwangu kama pana msiba usiokuhusu. Mkate nshapika, kitanda nshatandika, wewe unapita. Nnamuonea wivu Neema, nawaonea wivu na wale wawili ambao hata majina yao siyajui. Nshasema. Sasa na wewe nijibu. Unanionea haya?"

Hofu yangu ilikuwa hiyo, na ndiyo iliyonipeleka Uroa. Wivu ulivaa sare, hofu ilikuwa ndani yake. Nyumba yangu ngazi zimelika, choo ni cha kuchuchumaa, na mimi nikiandika jina langu ulimi unatoka nje. Wenzake mama zao wana ofisi. Nilishajiandaa kusikia ndiyo. Na jibu nilikuwa nalo tayari, kali, la kumliza, nilikuwa nimelipanga tangu tunaiacha barabara ya mjini.

"Haya?" akasema Rahma. "Haya ya nini? Bibi, darasa zima wanakujua. Wakinikasirisha nawaambia ntawaletea Bi Raya."

"Basi ulikataa nini kupita? Neema kasema…"

"Neema!" Alilitamka jina lile kama nilivyokuwa nikilitamka mimi moyoni tangu jana. "Kila kitu Neema. Mwiko ulimpa Neema."

"Mwiko gani?"

"Ile sikukuu niliyomleta. Mlishinda jikoni nyinyi wawili. Ukamfundisha mkate wa kumimina, kuanzia kusaga mchele mpaka kupalia makaa juu. Mnacheka, mnaonjeshana. Mimi nimekaa ukumbini na kitabu, nawasikia kama mpangaji. Bibi, mimi mjukuu wako sijawahi kushika mwiko jikoni kwako! Kila nikisogea, 'Nenda kasome, Rahma.' Nikikuna nazi, 'Nenda kasome.' Nikitaka kuonja tu, 'Kitabu kiko wapi?' Sasa huko chuoni Neema anapika mkate wako, watu wanamsifu, na yeye anasema, 'Bibi alinifundisha.' Bibi yangu! Mimi umenifundisha nini? Kuondoka?"

Akajifuta uso kwa taulo, ingawa maji ya bwawa yalishakauka zamani.

"Nilijua nikipita naye mtaingia jikoni tena. Nikaona heri nisipite."

Lile jibu langu kali lilibaki mdomoni halina wa kupewa.

Nikamwambia kweli, na wewe nakwambia. Jikoni mimi niliingia mapema mno, na aliyeniingiza hakunionesha mlango wa kutokea. Ndiyo maana kila nilipomwona Rahma anasogelea moshi, moyo uliruka. Nilimfukuza jikoni kama watu wanavyofukuza mtoto barabarani. Neema hakuwa wangu. Neema akipoteza siku nzima anapepea makaa, hofu hiyo ni ya mamake huko Moshi. Nikampa mtoto wa watu kile nilichomnyima wangu, kwa kuwa wangu ndiye niliyemtakia makubwa. Sasa wewe nenda kajaribu kumweleza hayo msichana aliyekaa ukumbini na kitabu, anasikia vicheko.

"Ungesema," akanambia.

"Na wewe ungesema."

"Ningesemaje, Bibi? Nnamuonea wivu rafiki yangu kwa sababu kashika mwiko? Mimi wa chuo kikuu?"

"Mimi hapa wa miaka yote hii nimepanda gari na dera la ndimu nimekuja kuyasema. Wewe elimu yako imekuzuia nini?"

Akacheka, kamasi zimemjaa. Akanilalia begani, na nywele zake zile zenye dawa ya bwawa zikanirowesha upande uliobaki mkavu. Sikumsukuma.

"Kesho nakuja nyumbani," akasema. "Peke yangu."

"Na Neema?"

"Neema abaki aogelee."

"Abaki," nikasema haraka, na nikafurahi, sikufichi. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa kiti cha mbele.

Nilipokuwa naondoka Neema akanisindikiza mpaka langoni. "Bibi, kesho nije nikusaidie kazi?" Mzuri wa watu. "La, mwanangu," nikamjibu. "Kesho nna mgeni."

Rahma akaja. Nikampa mwiko, nikakaa kwenye kibao changu, mikono yangu nikaifunga ndani ya kanga isije ikamnyang'anya. Alimimina unga ukiwa haujaumuka vizuri. Makaa ya juu aliyatia mengi, ya chini machache, nikauma mdomo. Mkate ukatoka mweusi usoni, mbichi katikati. Mwanaidi akapita, akapewa kipande, akakitafuna kwa muda.

"Mkate huu," akasema, "umesoma sana."

Tulicheka, na Rahma ndiye aliyecheka kuliko sote. Tukaula wote. Na katikati ya kula simu ikalia, Neema.

"Bibi, mmenifanyia ubaya," akasema, bila hata salamu, yeye asiyekosa shikamoo. "Nimekaa huku nawaza mnapika nini. Mmeniacha makusudi, nimejua. Nimeona wivu, na nimekasirika."

Nikamgeukia Rahma. "Umemsikia mwenzio? Kasema, kamaliza. Hakutukana jua wala mchanga." Nikamwambia Neema aje sikukuu, na jikoni tutakaa watatu. Sikusema kwa ukarimu sana. Watatu ni wengi, jikoni kwangu kudogo. Lakini nilisema, na nnalitimiza.

Sasa mwanangu, wewe unayesoma hapa, likizo itakuja na wenzako watakwambia tuchange, twende Uroa, twende Nungwi, tushone sare. Nenda. Sikukatazi; mimi nimewahi kukaa dirishani nikitazama gari ya wenzangu inaondoka, simtakii mtu dirisha lile. Nenda ukajifunze kulala juu ya maji, na uwe na rafiki wa kukushika mgongo. Lakini ukishuka botini, kama pana mtu ndani ya kisiwa hiki amekutandikia kitanda, mpitie kwanza. Mpitie na mabegi yako, na rafiki zako, na haraka zako. Unywe hata maji ya kunywa. Hoteli haihami.

Na kama kinachokuzuia kupita ni donge, basi donge hilo ndilo la kupeleka kwanza. Lipeleke kwa mwenyewe. Sema nimeumia. Sema nna wivu, kwa jina lake hilo hilo, usiuite uchovu, usiuite nauli wala foleni. Mimi nilimaliza siku nzima nikiamini mjukuu wangu ananionea haya. Yeye alimaliza mwaka mzima akiamini nampenda Neema kuliko yeye. Hakuna aliyetudanganya, tulinyamaziana, na kila mmoja akajaza mwenyewe pale palipokuwa patupu, na akajaza baya. Utaona haya ukisema, ndiyo. Mimi niliona haya nikiwa nimelowa, mbele ya Wazungu waliolala vitandani. Haya ile ilikwisha kabla baibui halijakauka.

Na ukiambiwa wewe, usicheke ukaondoka. Cheka, halafu kaa.

Basi nakuombea Mola akupe wenzio wa kwenda nao pwani, akutie majini mzima na akutoe mzima, akukunjulie chuo chako na riziki yako, na asikukoseshe nyumbani mtu wa kukuonea wivu ukichelewa. Amin, mwanangu. Amin.